Meza Dirisha Amesajiliwa

Jumatatu, 4 Machi

Leo Mfumo umeingia shuleni kwetu, na umeingia kupitia maktaba, kwa sababu ndiko kwenye soketi zinazofanya kazi. Mimi nilikuwa humo tayari. Wakati wa mapumziko hukaa nyuma ya kabati la ramani, mahali ambapo hakuna anayeniuliza kwa nini sichezi. Walimu waliingia na kompyuta zao, wakakaa, hakuna aliyeniona. Nimezoea.

Mfumo ni wa kusajili watahiniwa. Zamani shule iliandika majina kwenye karatasi, mkuu wa shule akagonga muhuri, karatasi zikapelekwa. Kuanzia mwaka huu asiyekuwemo kwenye Mfumo hafanyi mtihani wa mwisho, na mwaka huu ndio wangu wa mwisho. Baba ndiye mratibu wa Mfumo katika ofisi ya elimu. Nyumbani tumekuwa tukiusikia tangu mwaka juzi, kama ndugu anayetarajiwa kurudi kutoka ng'ambo.

Aliyekuja kuwafundisha walimu ni kijana wa kampuni iliyoutengeneza. Wote walimwita Mtaalamu. Viatu vyake vilikuwa vyeupe vilipoingia na vyeupe vilipotoka, na kwa uwanja wetu ulivyo na tope hilo pekee lilinifanya nimheshimu.

"Andikeni mwanafunzi yeyote," alisema. "Wa kubuni. Tunafanya mazoezi tu."

Mwalimu wa taaluma, ambaye sisi humwita Kobe kwa mwendo wake, alikuna kidevu. "Mwanafunzi gani sasa?"

"Yeyote, mwalimu. Andika unachokiona."

Basi Kobe akaandika anachokiona. Akatazama mbele, akatazama pembeni, akaandika Meza Dirisha, msichana. Halafu Chaki Ubao, mvulana. Halafu akainua macho juu akaandika Feni Mbovu, mvulana. Walimu walicheka hadi mwalimu wa hesabu akafuta machozi.

"Namba ya simu ya mzazi?"

"Weka yako tu, mwalimu. Haya, bonyeza hifadhi. Mnaona? Mwanafunzi ameingia."

Wakapiga makofi. Kobe akauliza, "Na hawa tunawatoaje?" Mtaalamu akasema hilo litafundishwa kipindi cha mchana. Mchana walipiga picha ya pamoja, wakanywa soda, na gari likaja kumchukua Mtaalamu kabla mvua haijaanza.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mtandao hakuna. Kobe alishinda mbele ya kompyuta, mikono kifuani, kama anayengoja chungu kichemke juu ya moto uliozimika.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Mtandao hakuna.

Alhamisi, 14 Machi

Jua limetoka na mtandao umetoka nalo. Kobe anasajili kuanzia alfajiri, wanafunzi wachache kila siku. Leo nilipanga foleni mbele ya jirani yangu wa dawati, Mrefu, ambaye ana haya kama mimi ila yeye hana pa kujificha kwa urefu wake. Nilipofika mbele Kobe akaniambia, "Wewe subiri. Baba yako ndiye mwenye Mfumo. Wewe hata ukiwa wa mwisho, ni wa kwanza."

Wenzangu walicheka. Mtu mwingine angesema, hapana mwalimu, niandike sasa hivi. Mimi nilisema "ndiyo, mwalimu," nikamwachia Mrefu nafasi. Naye akatoka kwenye foleni, kwa kunionea huruma nadhani.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Nimemaliza kurudia sura zote za historia. Bado sijasajiliwa.

Jumatano, 27 Machi

Wakati wa chakula baba alisema wilaya yetu inaongoza. Ana namna ya kulitamka neno "Mfumo," anapumua kidogo kabla, kama mtu anayemtaja mkwewe.

Mama, ambaye ni fundi wa kushona na huchomoa pini mdomoni kabla ya kusema, alimwuliza, "Na mwanao ameshaandikwa?"

"Ataandikwa, mama watoto. Mfumo haumwachi mtu."

Mdogo wangu, ambaye tunamwita Kiroboto, akasema, "Ila mvua ikinyesha unalala."

Baba hakucheka.

Jumanne, 2 Aprili

Lazima niandike hili kwa utaratibu, maana nikiliandika kwa hasira halitaeleweka.

Leo asubuhi Kobe alituita watatu tuliobaki: mimi, Mrefu, na Bingwa, mvulana anayerudia mwaka kwa sababu mwaka jana aliugua wiki ya mtihani. Akaandika jina langu, tarehe ya kuzaliwa, akabonyeza hifadhi. Kikatokea kibao chekundu: IDADI YA WATAHINIWA IMEKAMILIKA.

Akajaribu tena. Kibao kile kile. Akamjaribu Mrefu. Kibao kile kile.

Ilichukua muda kuelewa. Mwaka jana kila mkuu wa shule aliulizwa atakuwa na watahiniwa wangapi, na idadi aliyoitaja ndiyo Mfumo uliyoifunga. Wa kwetu alitaja sawasawa, hakuzidisha hata mmoja. Lakini wanafunzi watatu wa kwanza kuingia ni Meza Dirisha, Chaki Ubao na Feni Mbovu. Hawakuwa wa mazoezi. Mazoezi yalifanyika kwenye Mfumo wenyewe, ule ule, kwa sababu hapakuwa na mwingine.

"Sasa si uwafute," alisema mkuu wa shule.

Kobe alibonyeza futa. Mfumo ukauliza sababu. Chini yake kulikuwa na majibu mawili tu ya kuchagua, kifo au kufukuzwa shule, na kila moja lilidai kiambatisho.

"Chagua kufukuzwa."

"Linataka barua ya bodi ya shule, yenye kosa la mwanafunzi, na saini ya mzazi kwamba ameelezwa."

"Mzazi si wewe? Namba ni yako."

"Mkuu, nikae na bodi niwaambie Meza amefanya kosa gani?"

Mkuu wa shule alivua miwani. "Kifo, basi."

"Kifo kinataka cheti cha kifo. Nitamzikaje Meza? Bado tunaandikia juu yake."

Bingwa alicheka. Mimi na Mrefu hatukucheka. Kobe alitutazama mmoja mmoja, akasema tusiwe na wasiwasi, usajili unafungwa tarehe thelathini, siku ziko tele.

Jumanne, 9 Aprili

Baba alimpigia Mtaalamu simu akiwa amekaa kwenye kochi, sauti ya nje, ili mimi nisikie na nitulie. Nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Kijana wangu, hawa watahiniwa wa mazoezi, tuondolee. Ni shule nyingi, si ya binti yangu peke yake."

"Mzee, kufuta bila kiambatisho hakumo kwenye mkataba."

"Nani aliyeweka masharti hayo ya vifo?"

"Nyinyi. Ofisi yenu ilisema shule zinafuta wanafunzi dhaifu karibu na mtihani ili zifaulishe. Mkataka mwanafunzi asifutike ovyo. Tukafanya asifutike."

Ilikuwa kweli. Hata mimi nakumbuka habari hizo, na nilipozisikia zamani nilikasirika kwa niaba ya hao waliofutwa. Kumbe mlango uliojengwa kuwazuia wasitupwe nje ndio unaotuzuia sisi kuingia.

"Basi tuongezee nafasi tatu tatu kila shule."

"Hiyo ni awamu ya pili, mzee."

"Awamu ya pili inaanza lini?"

"Awamu ya kwanza ikishapokelewa rasmi."

"Si niliipokea mimi siku ya uzinduzi? Nilisaini."

"Ulipokea ofisini kwako. Bado makao makuu. Wanasubiri taarifa yako ya maendeleo."

Simu ilipokatika mama alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha kitambaa begani. "Ulisaini bila kuujaribu?"

"Mgeni rasmi alikuwa ameshakaa," baba alisema. "Viti vimeshapangwa, mapambo yameshafungwa, kipaza sauti kinaita jina langu. Ningesema nini, ngojeni kwanza nibonyeze?"

"Ndiyo," alisema mama.

Ijumaa, 12 Aprili

Kobe amepokea ujumbe kwenye simu yake wakati anatufundisha. Akausoma kwa sauti kabla hajafahamu ni nini: "Mzazi mpendwa, hongera. Mwanao MEZA DIRISHA amesajiliwa kikamilifu." Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Ukaja wa Chaki. Ukaja wa Feni.

Katika chumba cha walimu sasa wanamwita Baba Meza. "Baba Meza, watoto hawajambo?" Yeye hujibu, "Hawajambo, wanakula nafasi tu."

Ana uchungu lakini anafanya mzaha. Mimi nina uchungu na sijui kufanya mzaha. Nilikuwa namdharau kidogo kwa kusoma kwake polepole kila neno kwenye kioo cha kompyuta kama anasoma hati ya kiwanja. Sasa ningependa kumjua mtu mmoja tu aliyeusoma mkataba polepole hivyo.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Mrefu hakuja shule. Amesema haoni sababu.

Alhamisi, 18 Aprili

Baba ana mazoea ya kumsomea mama taarifa zake kabla ya kuzituma. Mama hushona, baba husoma, na palipo pabaya mama husimamisha cherehani. Tangu utotoni nilipenda kusikiliza. Niliona fahari kwamba baba yangu anaandika.

Barua ya mkuu wetu wa shule niliiona mezani. Ilisema: "Tuna tatizo. Watahiniwa watatu wako nje ya Mfumo." Baba alisoma taarifa yake ya wilaya: "Zoezi linaendelea vizuri, pamoja na changamoto chache ndogo zinazoendelea kushughulikiwa." Na jioni redioni, msemaji wa wizara: "Tunajivunia kwamba wilaya kadhaa zimefikia asilimia mia moja."

Tumefika asilimia mia moja bila mimi. Hata ni zaidi ya hapo: tumefika kwa sababu mimi simo.

Nilisikia mtu akisema, "Baba, mimi ni changamoto ndogo?" Aliyesema ni mimi. Cherehani ilisimama.

Baba alikunja karatasi mara mbili. "Mwanangu, hujui ofisi. Ukimpelekea bosi tatizo, anakuuliza una tatizo gani wewe. Mratibu wa wilaya jirani aliandika 'tatizo.' Wiki iliyofuata aliitwa aeleze kwa nini wilaya yake peke yake ndiyo yenye tatizo, wakati sisi wote tuna changamoto."

"Na kweli ni yeye peke yake?" mama aliuliza.

"Wote tunazo hizo hizo. Tunaongea kwenye simu."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema mama, akaendelea kushona.

Nalala mapema ili nisile na baba.

Jumapili, 21 Aprili

Tumeongea kidogo sana nyumbani. Kiroboto ameniuliza kama nisipofanya mtihani nitampa kalamu zangu.

Jumatano, 24 Aprili

Nimesajiliwa. Naandika tena: nimesajiliwa. Nina namba. Nimeiandika kwenye jalada la ndani la kila daftari.

Kobe ndiye aliyegundua. Kufuta kunataka kiambatisho, lakini kuhamisha hakutaki kitu. Unachagua mwanafunzi, unachagua shule anakokwenda, na kama huko bado kuna nafasi wazi Mfumo unampokea papo hapo. Aliwahamisha Meza, Chaki na Feni, akatuingiza sisi watatu kabla mvua haijanyesha. Mkuu wa shule alimpa mkono. Mrefu alilia mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

"Baba Meza, umewatupa watoto?" mwalimu wa hesabu alimtania.

"Wamekwenda kusoma bweni," alisema Kobe.

Nilimkuta baba nyumbani nikamwonyesha namba. Alinishika kichwa kwa mikono miwili kama nilipokuwa mdogo. Sikumwuliza Kobe wamehamishiwa shule gani. Leo nimefurahi na sitaki kujua kitu kingine.

Jumanne, 30 Aprili

Usajili umefungwa. Mvua tangu asubuhi.

Jumatatu, 6 Mei

Baba alisahau miwani, mama akanituma niipeleke ofisini baada ya masomo.

Ofisi ya elimu ina korido ndefu yenye benchi moja, na sakafu ilikuwa na nyayo za tope kutoka mlangoni hadi dirisha la karani. Kwenye benchi alikaa mwanamke mwenye viatu vya mpira na msichana wa rika langu, aliyekumbatia kitabu kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki kisilowe. Nilikitambua kwa ukingo wake. Ni kile kile cha historia tunachotumia.

"Mama, nimeshakueleza," karani alikuwa akisema. "Shule yenu imejaa."

"Imejaa nani, baba? Watoto wa darasa lile ni kumi na mmoja. Nawajua mpaka nyanya zao."

"Kwenye Mfumo wapo kumi na mmoja. Imetimia."

"Kumi na mmoja gani, na mwanangu hayumo?"

Msichana akasema, bila ukali, kama anayeuliza njia: "Huyu Meza Dirisha ni nani? Mwalimu wetu anamwita kila asubuhi. Anadhani ni mgeni amepotea kwetu bondeni, anatuambia tukimwona tumlete. Yuko na Kalamu Nyekundu, na Jaribio la Kwanza, na Jaribio la Pili. Hatujamwona hata mmoja."

Karani alisema hayo ni majina tu, na watu wana majina ya kila aina siku hizi.

Mama yule alinieleza mimi, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na nilikuwa nimevaa sare. Kwao bondeni mtandao hushika juu ya kilima tu, na njia ya kilima ilikatwa na maji. Mwalimu wao alipofanikiwa kupanda alikuta nafasi zimebaki nne. Waliingia wanne. Saba wako nje.

Nilielewa palepale, nadhani nilielewa kabla hajamaliza. Shule zote zenye mtandao zimehamishia watu wao wa kubuni mahali palipokuwa na nafasi wazi, na palipokuwa na nafasi wazi ni pale ambapo mwalimu hakuweza kufika kwenye mtandao.

"Na wewe umesajiliwa?" msichana aliniuliza.

Nikasema, "Ndiyo."

"Una bahati."

Miwani ya baba nimeikabidhi kwa karani. Sikuingia kumwona.

Jumanne, 7 Mei

Nilimfuata Kobe maktaba. Nilimweleza nilichokiona. Alikuwa anajua. Mwalimu wa bondeni amempigia simu; walisoma chuo kimoja.

"Nilifikiri watasajili kwanza wao, nafasi zitakazobaki ndizo za wanafunzi hewa," alisema. "Nilifikiri nimepeleka watatu. Kumbe kila mmoja alifikiri amepeleka wake watatu."

"Tunaweza kuwarudisha?"

"Usajili umefungwa, lakini uhamisho bado uko wazi, wameusahau. Naweza kumrudisha Meza sasa hivi. Akirudi, shule yetu imejaa, lazima mmoja wenu aende bondeni, na huko akifika anakaa mahali pa Meza, si pa yule binti. Hakuna ninachokuwa nimefanya. Ila kama wewe ungekaa nje kabisa, pangekuwa na nafasi moja ya kumwombea yule binti." Alinitazama. "Nikutoe?"

Nilinyamaza. Maisha yangu yote nimenyamaza kwa haya. Leo haikuwa haya.

"Sikuulizi ili unijibu," alisema Kobe. "Nenda darasani, mwanangu."

Ijumaa, 10 Mei

Mvua. Nasoma historia na kila ukurasa naona mfuko wa plastiki.

Jumapili, 12 Mei

Mchana mama alikuwa anakata kitambaa kwenye meza kubwa, baba anasoma gazeti upande wa pili, na mimi nikasema yote. Sikupanga. Nilianza na benchi na nikaishia na swali la Kobe ambalo sikulijibu.

Baba hakushangaa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. "Kila wilaya wanafanya hivyo," alisema. "Tulijua hao wa kubuni watazunguka."

"Watazunguka mpaka wafike wapi?" mama aliuliza.

"Mama watoto, si kazi ya..."

"Nauliza tu. Mtu anamrushia mwenzie, naye anamrushia mwenzie. Wa mwisho kupokea ni nani?"

Baba alikunja gazeti. "Asiye na mtandao."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema mama. Mkasi wake ulikuwa haujasimama. "Ulikuwa mzito wiki tatu zilizopita, alipoubeba huyu hapa. Siku hizi nakuona unalala vizuri."

Nilitegemea baba akasirike. Alikwenda dirishani, akatazama ua uliojaa maji. Kiroboto alikuwa nje anasukuma kopo kwenye dimbwi kwa fimbo.

"Nikiandika," baba alisema mwishoni, "nikaipitisha kwa bosi, itapanda ngazi kama zile zote. Kila ngazi itapakwa rangi. Ikifika juu itakuwa pongezi."

"Usiipitishe kwa bosi," nilisema.

"Unajua maana yake?"

Nilijua. Sikujua yote, lakini nilijua kiasi cha kutosha nisiweze kumtazama.

Alikaa pale pale kwenye meza ya mama, kati ya chaki za kuchorea na vipande vya vitambaa, akaandika kwa mkono. Aliandika kwa muda mrefu. Mara mbili aliuliza neno, na mara zote mbili nilimpa lile fupi. Alipomaliza hakumsomea mama kama kawaida yake. Alinipa mimi.

Haikuwa na changamoto hata moja. Ilisema katika mafunzo walimu waliandika watahiniwa wa kubuni ndani ya Mfumo halisi, kwa maelekezo. Ilisema hawafutiki, na kwa nini hawafutiki, na kwamba sharti hilo lilitoka ofisini kwetu kwa nia njema. Ilisema shule zimekuwa zikihamishiana, na watoto halisi wako nje, pengine katika kila wilaya. Kisha ikasema: "Niliupokea Mfumo huu kwa saini yangu bila kuujaribu, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa ameshakaa. Taarifa nilizotuma baada ya hapo zilificha jambo hili."

"Baba, sentensi hizi mbili ndizo nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika."

"Zitanigharimu uzuri wake," alisema, na alitabasamu kidogo, kama mwandishi.

Jumanne, 14 Mei

Baba amesafiri kwenda makao ya Baraza la Mitihani, ameibeba taarifa mwenyewe, pamoja na karatasi ya majina saba ya bondeni iliyogongwa muhuri kama zamani. Ofisini ameaga kwamba anaumwa. Mama amesema si uongo.

Jumatano, 15 Mei

Hajarudi. Mvua.

Ijumaa, 17 Mei

Amerudi. Amesema Baraza hawakushangaa hata kidogo. Kwa wiki kadhaa wamekuwa wakipigiwa simu na wazazi, na kila walipowauliza waratibu waliambiwa mambo ni shwari. Hawawezi kufanya jambo kwa simu ya mzazi. Walikuwa wanangoja karatasi moja yenye saini ya mtu mmoja anayesema si shwari.

Walioachwa, popote walipo, watafanya mtihani kwa karatasi za nyongeza na namba za kuandikwa kwa mkono. Watakagua baadaye nani ni mtu na nani ni samani. Hayo ni maneno ya baba.

Nilikwenda kumwambia Kobe. Alikuwa ameshasikia kutoka bondeni. Akasema mwalimu mwenzake alipopokea habari alishuka kilima anakimbia, akateguka mguu.

Jumatatu, 27 Mei

Barua imefika. Baba si mratibu tena. "Atapangiwa majukumu mengine," imesema, na haikusema majukumu gani wala lini. Meza yake amepewa mwingine. Anakwenda ofisini kila siku, anakaa kwenye lile benchi la korido, anarudi.

Redioni Mtaalamu alihojiwa. Ana sauti nzuri. Alisema awamu ya kwanza imetoa mafunzo mengi na awamu ya pili itaanza karibuni. Mtangazaji akampongeza. Nilizima redio, mama akaiwasha tena, akasema tusikilize mpaka mwisho, tusije tukasema hatukuambiwa.

Jumatatu, 3 Juni

Mtihani wa kwanza. Shule yetu ni kituo, na wa bondeni wamekuja hapa, wote kumi na mmoja. Msichana yule alikaa safu mbili mbele yangu. Namba yake iliandikwa kwa kalamu nyeusi kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi, na alikuwa akikigusa kwa kidole kila baada ya muda, kuona kama bado kipo. Hakunitazama, au alinitazama hakunikumbuka. Sijui kama nitawahi kumwambia. Leo sikumwambia.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. La tatu lilinitoa jasho.

Tulipotoka baba alikuwa getini, amevaa shati la kazi lililopigwa pasi, kalamu mfukoni. Ilikuwa saa ya kazi. Wazazi wengine hawakuwepo.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Yote?"

"La tatu nimeliandika nusu."

"Nusu si haba." Akanipokea mkoba, akautundika begani kwake, tukashuka barabarani. Nilitaka kumwuliza kama ofisini watamtafuta. Akanitangulia kusema.

"Niambie hilo la tatu lilivyoulizwa," alisema. "Taratibu tu. Sina haraka."